Makumbi Hayajaiva

Harufu ya makumbi yaliyofukuliwa haitoki mkononi kwa sabuni. Ni harufu ya yai viza na tope la pwani, huingia chini ya kucha ikakaa siku tatu, na ukila wali ndani ya siku hizo unaila pamoja nao. Nilikuwa na miaka kumi na miwili nilipoijua, katika miaka ya hamsini, baada ya baba yangu, fundi cherahani wa Darajani, kuchoka nami. Nilikuwa nimeacha skuli. Sikufukuzwa, niliona tu kwamba mwalimu hapendi maswali, nikawa nashinda sokoni nikitazama papa wanavyopasuliwa na saa mbovu zinavyofunguliwa. Baba hakunipiga. Alinipeleka kwa dada yake, kusini ya kisiwa, akaniambia mlangoni: "Ukishajua unachokitaka, nitakuja kukuchukua." Nilimchukia kwa upole ule kuliko ambavyo ningelimchukia kwa fimbo.

Shangazi yangu, Bi Mize, alikuwa mwembamba, mwenye ulimi wa wembe, na kazi yake ilikuwa kamba za usumba, kama wanawake wengi wa pale. Maji ya bahari yakitoka, makumbi ya nazi hufukiwa katika mashimo ya tope, hugandamizwa kwa mawe, huachwa miezi mingi yakaoza. Ndipo hufukuliwa, yakapondwa kwa rungu, na nyuzi zake zikasokotwa. Mwaka ule shimo la Shangazi lilikuwa la kamba za kuwambia kitanda cha harusi cha binti yake. Kila asubuhi, mbele ya majirani, aliniuliza: "Haya, bibie wa mjini, ushajua unalolitaka?" Nikisema sijui, hujibu mwenyewe: "Mtaka yote hukosa yote," na majirani hucheka kana kwamba hawakulisikia jana. Siku moja nikamuuliza anajuaje kama makumbi yanaoza sawasawa huko chini.

"Makumbi hayaulizwi. Yanaachwa yakaiva."

"Mbona mimi naulizwa kila siku?"

Alinitupia kata ya maji. Ilinipata begani.

Basi nikaenda kuyatazama mwenyewe. Wenye hekima zao husema mtaka cha mvunguni sharti ainame, mimi niliinama. Kumbi la kwanza lilikuwa gumu bado. Baada ya wiki mbili nikachomoa jingine, limelainika upande mmoja, tope limekuwa jeusi tititi, minyoo myekundu inajikunja na povu linapanda taratibu kama uji unaoanza kuchemka. Nikawa naenda kila maji yakitoka. Kwa mara ya kwanza sikutamani kuwa pahala pengine. Mawe niliyarudisha nilivyoweza, lakini mikono yangu ilikuwa midogo, na nguvu za maji ya bamvua, yale yajaayo kupita kiasi, sikuzijua.

Baba alikuja Ijumaa moja kwa gari la shamba. Shangazi alimpeleka pwani akamwonyeshe kazi yake, nami nyuma yao. Shimo lilikuwa wazi. Makumbi yalitapakaa ufukweni, yamekauka, hayafai hata kuwashia moto. Hakuna aliyeuliza nani. "Mchimba kisima huingia mwenyewe," alisema jirani mmoja, na Shangazi akanishika sikio akalisokota kama uzi wake. Baba akamzuia, akainama, akaniuliza polepole, "Sasa unataka nini, mwanangu?" Nilidhani anauliza kweli.

"Nataka kuona yanavyooza."

Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Baba hakucheka. "Bado hajajua," alimwambia dada yake, akarudi mjini peke yake.

Nilikaa pale masika mbili. Binti wa Shangazi aliolewa juu ya kitanda kilichowambwa kwa kamba za watu, na hakunisemesha tena. Nilifukia, nikafukua, nikaponda mpaka viganja vikachubuka. Baba alipokuja tena na swali lake nilikuwa na jibu: "Nataka kushona, Baba." Nilikuwa sitaki hata kuiona sindano. "Ameiva," alisema Shangazi, na siku ile ile nikapakiwa garini.

Ukweli uliniacha matopeni, uongo ukanirudisha nyumbani. Sikuhitaji somo jingine. Nimeolewa mara tatu, nimepika katika nyumba za watu Tanga na Mombasa, na kila aliyeniuliza nataka nini nilimpa alichotaka kusikia, nikaondoka alipokwisha kuamini. Watu husema sijatulia. Husema pia subira huvuta heri. Wasemao hivyo ni wenye kufukia, si wenye kufukiwa. Leo wajukuu wa ndugu zangu huulizwa swali lile lile kwa sauti tamu zaidi, na kabla ya kujibu nawaona wakisoma uso wa muulizaji.

Mwaka jana nilirudi pwani ile. Mashimo yamebaki machache. Kamba za nailoni za kupandia mwani ndizo zilizotanda. Kaburi la Shangazi nililiombea dua kwa kuwa ni wajibu, si kwa kuwa nimemsamehe. Kando ya shimo moja, mwanamke kijana aliyekuwa akipanga mawe alinikataza kwa adabu: "Bibi, usiguse, bado." Nilikuwa nshainama. Nilitia mkono mpaka kiwikoni, nikachomoa kumbi moja, nikalitazama nilivyotaka, na mchana ule nikala wali kwa mkono huo huo.