Nilipokuwa Nikilinda Lango la Wengine

Niliondoka kijijini kwetu Hewani kwa sababu mto ulikuwa umekula shamba letu. Haikuwa mara ya kwanza. Mto Tana hutoa na mto Tana huchukua, na sisi tuliozaliwa ukingoni tunalijua hilo tangu tungali mgongoni mwa mama zetu. Lakini mafuriko ya mwaka ule yaliondoka na migomba, na mpunga uliokuwa umeanza kuchanua, na kipande kizima cha ukingo, hata pale baba alipozoea kusimama akiwafukuza ndege pakabaki maji matupu. Baba hakulaani. Alikunja suruali hadi magotini, akaniambia, "Maro, nenda Nairobi kwa binamu yako. Sisi watatu tunatosha kulima matope."

Watatu ni yeye, mama, na dada yangu Rehema. Tangu nirudi wengi mmeniuliza imekuwaje mtu wa huku akaenda kulipwa kucheza juu ya barafu, na kwa nini amerudi akichechemea na hataki kuzungumza. Basi nazungumza, na mnisikilize mpaka mwisho.

Garsen, siku ya kuondoka. Ilikuwa siku ya mnada, na wafugaji wa Kiorma walikuwa wameteremsha ng'ombe, vumbi limepanda hadi kwenye mapaa ya maduka. Rehema alinisindikiza hadi kituoni, akanipa ndizi za kuchemsha zilizofungwa kwenye jani. Ni mkubwa kwangu, na hajui kuaga. "Ukilala njaa sema," akaniambia, "usijifanye mwanamume." Basi la Mombasa likaja, nikaingia.

Nairobi. Binamu yangu alikuwa mlinzi katika hoteli moja iliyokuwa na kiwanja cha barafu ndani. Barafu tunayoijua Garsen ni ile ya kupozea soda. Ile ilikuwa sakafu nzima, nyeupe, baridi yake ikikupanda kwenye miguu kama unavyoingia mtoni alfajiri. Kazi yangu ilikuwa kuikwangua na kuimwagia maji ili igande upya. Jioni walikuja wageni kucheza hoki. Wanavaa viatu vyenye kisu cha chuma chini, wanashika magongo, na badala ya mpira wanapiga kisahani kigumu cheusi kinachokwenda kasi kama jiwe la teo. Siku moja walipungukiwa na mtu, wakanivisha viatu. Nilianguka mpaka wakachoka kunicheka. Lakini nilirudi kesho yake, na kila jioni baada ya hapo, kwa miaka.

Wakanifanya beki. Mimi si mwepesi wa kufunga mabao. Ila nilikulia kwenye mtumbwi, na mtu aliyejifunza kusimama juu ya mtumbwi maji yakiwa yamejaa hasukumwi kwa urahisi. Mmoja wa wale wageni, kocha aliyekuja likizo, alijaribu kunipita mara kadhaa, akashindwa. Akavua glavu, akanipa mkono. "Kwetu Ufini wako wengi wanaojua kukimbia," alisema. "Wanaojua kusimama ni wachache."

Nilipompigia baba simu kumwambia nimeitwa Ulaya, aliuliza swali moja tu: "Hiyo barafu haivunjiki?" Nikamwambia haivunjiki. "Basi nenda."

Ufini. Nilifika mwanzo wa baridi katika mji mdogo wa viwanda vya mbao. Mchana ulikuwa mfupi, jua likichungulia na kuondoka kama mgeni asiyetaka kula kwako. Nilijaribiwa pamoja na vijana waliovaa viatu vile tangu wakiwa watoto, na mwisho nikapewa mkataba. Hapo ndipo mchezo ulipokuwa kazi. Ukitaka kujua beki hufanya nini, ni hivi: adui akipiga kisahani, wengine wanakwepa, wewe unajitupa mbele. Unakizuia kwa kifua, kwa mkono, kwa mguu, kwa chochote ulichozaliwa nacho. Nilivunjika vidole, nikapoteza jino, na watu wakasimama kunishangilia kwa jina langu, Maro, Maro, wakilivuta mwisho kama wanaita ng'ombe. Sitasema uongo, nilipenda. Niliwapigia nyumbani kila Jumapili, na baba aliwaambia watu kanisani kwamba mwanawe anachunga lango la Wazungu.

Mabeki hucheza wawili wawili. Mwenzangu alikuwa Jari, mtu mzima kuliko mimi, mpole, asiye na maneno mengi. Yeye akienda mbele mimi nabaki, mimi nikienda yeye anabaki. Nilikula kwake, mkewe akanifumia soksi za sufu, wanawe wakanifundisha kuhesabu kwa lugha yao. Kama ningeulizwa nani kule ni ndugu yangu, ningejibu bila kufikiri.

Kambini, msimu wangu wa pili. Tuliingia mechi za mtoano, za kuamua nani atapanda daraja. Kocha alikusanya simu zetu zote, akaziweka kwa meneja. Alisema vichwa vyetu viwe mahali pamoja. Hatukuona ubaya. Tulilala hotelini, tukala pamoja, tukacheza. Katika mechi mojawapo nilizuia kisahani kwa mguu wa kushoto, nikasikia kitu kikilia ndani ya kiatu. Daktari wa timu akanidunga sindano, mguu ukawa kama si wangu, nikarudi uwanjani. Nikadungwa tena mechi iliyofuata. Jari alikuwa akinifunga kamba za kiatu kwa sababu sikuweza kuinama. Niliona hanitazami usoni. Nikadhani ni uchovu.

Tulishinda. Watu walikuwa wakiimba bado nje ya chumba cha kubadilishia nguo pale meneja aliponiita kando, akanirudishia simu. "Piga kwenu," alisema. "Baba yako alikuwa mgonjwa. Nasikitika, amefariki."

Nikauliza lini. Akasema nyumbani watanieleza. Nikampigia Rehema.

"Sasa ndiyo umemaliza mpira?" alisema.

Alinieleza, sauti yake kavu kama kuni. Baba alikuwa amelazwa hospitali Malindi, maji yamejaa kifuani. Alikuwa akiniita. Rehema alipoona simu yangu haipatikani, akapiga ofisi ya timu, ile namba niliyomwachia kwa dharura. Meneja akamjibu kwamba Maro ameshaambiwa, na Maro amesema atakuja baada ya mechi.

"Tukamwambia baba hivyo hivyo," Rehema alisema. "Alikaa siku kadhaa baada ya hapo, Maro. Siku kadhaa. Tukasubiri na maiti pia. Baba mdogo akasema tuzike, mtu mwenye mechi hasubiriwi."

Nilirudi chumbani. Jari alikuwa ameketi, bado hajavua viatu. Nikamuuliza, "Ulijua?"

Akasema, "Waliniambia nikuangalie usije ukajua."

"Nikuulize tena. Baba yangu akiwa hai, ulijua?"

"Ndiyo." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Maro, bila wewe tusingeshinda."

Sikumpiga. Mnaoniambia mngempiga hamkuwapo. Nilichukua mkoba wangu nikatoka, na asubuhi nilipokataa kubaki hadi msimu uishe meneja akasema basi mkataba nimeuvunja mimi.

Malindi, njia ya kurudi. Daktari aliyenipiga picha ya mguu alisema mfupa ulivunjika, ukavunjwa tena kwa kuchezewa, na kiatu cha chuma nisahau. Nilimsikia kama anazungumza habari za mtu mwingine. Nikapanda gari la Garsen. Tulipopita Tarasaa dereva, ambaye hakunijua, alikuwa akimsimulia abiria wa mbele habari za kijana wa Hewani aliyekataa kuja kumzika babake kwa ajili ya mchezo. "Ulaya huwatoa watu utu," alisema. Nilitaka kujitaja. Nikajikuta natazama dirishani.

Hewani. Nilifika adhuhuri. Watoto walinikimbilia, kisha wakaitwa na mama zao. Baba mdogo, mdogo wake baba, alikuwa akichonga kasia nje ya nyumba. Nilimwamkia, "Shikamoo, baba mdogo." Hakuitikia. Aliendelea kuchonga, kisha akasema bila kuinua kichwa, "Kaburi liko kule. Halina mechi, unaweza kwenda wakati wowote."

Nikaenda. Udongo ulikuwa umeshashuka. Nilikaa pale mpaka Rehema alipokuja kuketi kando yangu. Nikamweleza yote: simu, meneja, sindano, Jari. Nilipomaliza alifunika uso kwa leso, akawa anarudia, "Mimi ndiye niliyemwambia baba. Kwa mdomo wangu huu, mimi ndiye niliyemwambia." Hapo nikaelewa kwamba wale watu hawakuniibia mimi peke yangu.

Jioni tulimkuta mama jikoni, akipepeta mchele. Nikamweleza naye. Alisikiliza, ungo ukiwa umesimama mikononi.

"Baba aliposikia, alisemaje?" nikauliza.

"Alisema, 'Mwacheni amalize kazi.' Halafu akageukia ukutani."

"Mama, unaniamini?"

"Nakuamini, mwanangu. Kwa nini nisikuamini? Nimekuzaa mimi." Aliweka ungo chini. "Lakini wa kuambiwa hayupo."

Baba mdogo ameanza kuitikia salamu yangu. Rehema nami tunalima, yeye mbele, mimi nyuma na mguu wangu. Jari huniandikia, nami sijamjibu, na sijui kama nitamjibu. Nilichojifunza katika safari hii ni kidogo, na sikukitaka: watu wanaweza kulipenda jina lako, wakaliimba uwanja mzima, na wasikujali wewe mwenye jina. Kule nilizuia kila kilichotupwa langoni kwao. Kilichokuja langoni kwetu kilipita, na hakuna aliyenyoosha hata mkono.