Sauti ya Marehemu Kwenye Kaseti ya Nanyama

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, Rael Nanyama anafukuza kuku. Ni kuku wa jirani, na hawana habari kwamba ndani ya chumba hiki cha mabati mtaani Kibomet, Kitale, kuna studio. Magodoro mawili yameegemezwa ukutani. Blanketi limetundikwa mlangoni. Mezani kuna redio ya kaseti mbili, kinanda kidogo kilichonunuliwa kutoka kwa kanisa lililopata kikubwa zaidi, na maikrofoni iliyovalishwa soksi.

"Wakilia katikati ya mstari naanza upya," anasema. "Hao kuku wameniharibia nyimbo nyingi kuliko mtu yeyote."

Nanyama, mwenye umri wa miaka 26, anaghani kwa mtindo wa rap. Hana kampuni wala meneja. Anatunga kichwani, anarekodi, anabandika karatasi yenye jina lake, kisha anabeba kaseti kwenye kikapu kwenda kuziuza Kitale, Bumula, Malakisi na Bungoma mjini siku za soko. Siku zisizo za soko anapukuchua mahindi ya watu kwa shilingi hamsini kwa siku. Chepkorir, msusi wa nywele wa chumba cha pili, ndiye anayempigia kinanda.

Alipoanza mwaka wa 1993 walimcheka mpaka wakachoka. "Walisema ati hii si kuimba, ni kugombana na redio," anakumbuka. Lakini wapukuchuaji wenzake walizinunua kaseti zake, kwa sababu aliwasemea yao:

"Gunia ni lako, mgongo ni wangu,
Bei wapanga wewe, jasho ni langu."

Mistari hiyo haijaandikwa popote. Nanyama aliacha shule darasa la nne, na kuandika humchosha. Akisikia neno mara moja, linakaa.

Kaseti mpya isiyo na kitu inauzwa shilingi themanini, na yeye anauza nyimbo zake kwa sitini. Kwa hiyo hununua kaseti kuukuu kwa shilingi kumi na tano, anasokomeza karatasi kwenye lile tundu la juu linaloachwa mtu akivunja kizuizi ili kaseti isifutwe, kisha anarekodi juu yake. Nyimbo zake zikiisha, yaliyokuwamo awali yanaendelea. Wateja walishazoea. Ukinunua Nanyama unapata na kwaya ya bure.

Leo, hata hivyo, hana haraka na kitufe chekundu cha kurekodi. Anasikiliza kaseti kuukuu upande wa kwanza wote, anaigeuza, anasikiliza na wa pili. Chepkorir anapiga miayo. Ni kwaya tu, tena kwaya isiyojua kuimba.

"Lazima nisikie mpaka mwisho," Nanyama anasema. "Sifuti mtu tena kabla sijajua ni nani."

Neno hilo "tena" ndilo lililogeuza makala haya. Nilikuja kuandika habari za msichana anayeghani, nikaondoka nimeshika kichwa.

Mambo yalianza Novemba mwaka jana, siku ya soko, katika hoteli ya chai ya Wahome pale Bumula. Wahome alikuwa amenunua kaseti ya Nanyama asubuhi hiyo. Aliifungulia adhuhuri, hoteli ikiwa imejaa, na wateja wakawa wanatikisa vichwa. Baada ya dakika kumi nyimbo zikaisha. Badala ya kwaya, ikatoka sauti ya mzee akizungumza Kibukusu polepole:

"Na huyo niliyemtaja mwanzo, hapo chini mtoni akae. Ekari mbili ni zake. Mtu asimsumbue."

Kisha mzee akakohoa. Kikohozi hicho kila mtu Bumula alikijua. Kilikuwa cha Mzee Jairus Walubengo, aliyezikwa mwaka wa 1995.

Mama aliyekuwa akimimina chai aliendelea kumimina, kikombe kikafurika, meza ikafurika, na viatu vya mteja vikapata sehemu yao. "Watu walitoka mbio na vikombe vyangu mkononi," Wahome anasimulia. "Sikuwafuata bana. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshawatangulia nje."

Jumamosi iliyofuata, Nakhungu, mjane wa marehemu, alipanda hadi soko la Kitale, kaseti ameifunga kwenye leso. Alisimama mbele ya kikapu cha Nanyama.

"Ni wewe uliimba juu ya bwana yangu?"

Nanyama aliikumbuka kaseti hiyo vizuri. Ilikuwa kwenye mfuko wa kaseti thelathini alizonunua Malakisi kwa mchuuzi mmoja, mwanzoni mwa mwaka huo. Aliisikiliza mara moja, kujua kama utepe ni mzima. Mzee alianza kwa kusalimu ukoo na kuhesabu mababu, mmoja baada ya mwingine.

"Mimi nikadhani ni kumuse," anasema. Kumuse ni hotuba ambayo Wabukusu humwita mzee maalumu aitoe baada ya mazishi ya mtu mkubwa, na watu huirekodi, hata kaseti zake huzagaa masokoni. "Manze, nani angejua ni mtu anagawa shamba lake? Zote huanza hivyo hivyo."

Lakini haikuwa kumuse. Mzee Jairus, asiyejua kuandika, alikuwa amesema wosia wake kwenye redio yake, akavunja kizuizi cha kaseti kwa kisu, akaiweka sandukuni. Mwanawe mkubwa, Jotham, aliiuza redio pamoja na sanduku lote. Anaapa hakujua kilichokuwamo. Nanyama naye akafuta dakika kumi za kwanza. Maji yakimwagika hayazoleki.

Ukoo ukawaka moto. Jotham ni mtoto wa mke wa kwanza, aliyetangulia kufa, na Nakhungu ni mke wa pili. Wawili hao walikuwa wakigombania ekari mbili za mtoni tangu mazishi. Sasa kila mmoja akasema "niliyemtaja mwanzo" ni yeye. Na mwanzo wenyewe ulikuwa umefunikwa na wimbo wa magunia.

Pale sokoni, Nanyama alimwambia mjane jambo lililomwacha kinywa wazi: "Mathe, mimi nayakumbuka. Yote."

"Alinitaja mimi?"

"Nitasema mbele ya wote."

Februari mwaka huu wazee waliketi nyumbani kwa marehemu, naibu wa chifu akiwapo. Mwanamke kijana kuja kusema maneno ya mzee aliyekufa lilikuwa jambo geni, na mzee mmoja aliuliza kama wanaume wote walikuwa wamepoteza masikio. Wakaamua kumjaribu. Asimulie ile sehemu iliyobaki kwenye kaseti, ambayo alikuwa ameisikia mara moja tu, zaidi ya mwaka mzima nyuma. Kisha kaseti ichezwe.

Nanyama alifumba macho, akaanza. Alisema kwa dakika kumi na mbili, kwa mwendo wa mzee, akipumzika alipopumzika mzee. Alikohoa mara tatu. Kaseti ilipochezwa, maneno yalikuwa yale yale, na vikohozi vilikuwa vitatu. Naibu wa chifu alivua kofia, akasahau kuivaa.

"Hapo ndipo niliogopa," Nanyama anasema. "Walikuwa wananiamini mpaka nikaogopa. Jina lolote ningetaja, lingekuwa ndilo."

Nakhungu alikuwa ameketi hatua chache tu. Asubuhi hiyo alimpikia mgeni ugali kwa kuku, chakula cha kumheshimu mtu. Jotham kwa upande wake alikuwa ameshafika Kibomet wiki moja kabla, na redio mpya ndani ya katoni. Nanyama aliirudisha. "Si ilikuwa tu zawadi," Jotham ananiambia bila kupepesa jicho. "Kwani mtu hawezi kupenda muziki?"

Nanyama akasema mwanzo wa wosia, kama alivyousikia:

"Nimekula jasho la Kimaiyo miaka ishirini na miwili. Mwaka ule wa vita vya mashamba kati ya kabila lake na letu, yeye alilala zizini na ng'ombe wangu, na mimi nikamficha ghalani watu wetu walipomtafuta. Mtoto wangu hakufanya hivyo. Mke wangu hakufanya hivyo. Kimaiyo nimempa hapo mtoni."

Kila mtu pale alijua kilichotokea. Wiki moja baada ya mazishi, Jotham na Nakhungu walikubaliana kwa mara ya kwanza na ya mwisho, wakamfukuza Kimaiyo, mchunga ng'ombe wa marehemu, kutoka kwenye nyumba yake ya mtoni. Jotham aliibomoa. Nakhungu alibeba mabati akaezeka jiko lake. Ndilo jiko alimopikwa kuku yule.

Mzee mmoja alisema msichana amelipwa na watu wa mlimani, yaani kabila la Kimaiyo. Mwingine akamwambia atoke kabla hajatolewa. Alitoka kwa miguu hadi barabarani, peke yake. Siku ya soko Bumula alikuwa akiuza kaseti thelathini. Sasa akiuza nane anashukuru. Wapo wanaomwita msaliti wa kabila. Nami naona aibu kwamba msaliti amekuwa ndiye aliyekataa kusema uongo.

Nilimkuta Nakhungu jikoni mwake, amekaa kwenye kigoda. "Huyo msichana nilimchukia wiki tatu," alisema. "Lakini mvua ikinyesha, nasikia tu hizo mabati. Nikaona heri nimtafute mwenye mabati."

Aliwaendea Nanyama na Chepkorir, wakaulizia watu, na mwezi wa Aprili wakampata Kimaiyo upande wa Endebess, analinda ghala la mahindi. Ana umri wa miaka 61 na mguu mmoja unamsumbua. Hakuuliza habari za shamba. Aliuliza kama ni kweli sauti ya mzee ipo.

Nanyama aliweka kaseti. Kimaiyo alivumilia dakika kumi za rap. Sauti ya Jairus ilipotoka, alisimama, kama mtu aliyeitwa na tajiri wake. Kaseti ilipokwisha, Nanyama akamsomea kwa kichwa yale aliyoyafuta.

"Sema tena hapo ananitaja," Kimaiyo alimwambia.

Alisema tena. Akaombwa tena. Nanyama aliposema kwa mara ya nne, Nakhungu alipiga magoti mbele ya mchunga ng'ombe wa mumewe.

Shauri limefika kwa ofisa wa tarafa, na litasikilizwa Jumanne, tarehe 18 Agosti. Nakhungu atatoa ushahidi dhidi ya dai lake mwenyewe. Jotham anapinga. "Ati mwimbaji sasa ndiye hati ya shamba?" anauliza, na sitadanganya, ni swali ambalo wanasheria pia watauliza. Kimaiyo mwenyewe hana pupa. "Nitarudi nikiitwa na watu wa hiyo boma," anasema. "Kuitwa na kaseti peke yake, hapana."

Nanyama ameambiwa kwamba akifika mbele ya ofisa huyo asahau soko la Bumula kabisa. Chepkorir amemsihi atume barua. Anatikisa kichwa. Ameshaweka kando nauli ya kwenda na kurudi, na amenunua kaseti moja mpya ya kurekodia maneno ya mzee tangu salamu ya kwanza. Kaseti hiyo ni ya Kimaiyo, hata shauri likienda vipi.

"Nyimbo nitatunga zingine, na wateja watapatikana Malakisi," anasema, akilishusha blanketi la mlangoni. "Lakini dakika kumi za marehemu ziko kwangu peke yangu. Sitaki kuzikwa nazo."