Mtu wa Mgomba

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa pale mtaani Umoja, niliweza kuwa mtu yeyote. Nikiwa pasta, watoto wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga waliitikia amina. Nikiwa mwalimu wa hesabu, walificha mikono. Siku hizi nafanya ujinga ule ule jukwaani na watu hunipigia makofi. Zamani makofi yalitua shavuni.

Mwaka huo Kukhu, mama yake baba, alikuja kutoka Bungoma kutibiwa macho, akakaa kwetu miezi miwili. Ndiye aliyenihadithia habari za mdogo wake Wafula, aliyechukuliwa na askari wa chifu kupelekwa vita vya Burma. Walimjia asubuhi, ugali ukiwa bado jikoni. Kukhu ndiye aliyekuwa akiusonga. Aliwasihi wamngoje ale, hawakumngoja. Hakurudi, wala barua haikuja. Baada ya miaka, wazee wakakata mgomba, wakauvika shati lake, wakauzika kama mtu, maana kwetu asiye na kaburi hutangatanga. Na mtu aliyezikwa hivyo, Kukhu alituonya, haitwi kwa jina. Hakuna mwili wa kumshika kule chini. Ukimwita atakuja, na wewe uliyemwita ndiwe utakayembeba.

Mwambie mtoto mchekeshaji asifanye jambo, uone.

Alasiri moja watoto wa ploti walinichoka. Otieno, jirani yetu, akasema, "Hao wote tushawaona. Kama hauna mpya, sema tuende zetu." Hilo lilinichoma. Nikaingia ndani, nikatoka na koti la baba, sufuria kichwani, na buti zake mbili. Ya kushoto haikuwa na kamba, nikawa naiburuta. Nikapiga saluti, wakaangua kicheko. Nikagonga mlango wetu wenyewe, nikakaza sauti.

"Hodi. Ni mimi Wafula. Nimerudi."

Ndani kiti kikalia. Kukhu akaja hadi mlangoni akipapasa ukuta, bandeji bado jichoni. Nilitega shavu kabisa. Hakunipiga. Alikuwa akiisikiliza ile buti.

"Mguu wa kushoto haujapona?"

Baadaye niliambiwa Wafula alikuwa amejikata kwa jembe mguu huo, juma lile lile alilochukuliwa. Wakati ule sikujua kitu.

"Usiingie," akasema kwa upole, kama anayekuzuia usikanyage sakafu iliyopigwa deki sasa hivi. "Tulikuzika. Niambie tu kitu kimoja. Ulikufa na njaa?"

Mchekeshaji yeyote atakwambia: ukishaulizwa mbele ya watu, lazima ujibu. Nilifungua mdomo niseme ni mimi, Kukhu, ni Nasimiyu wako. Kilichotoka kilikuwa kingine, na sauti haikuwa ile niliyoikaza.

"Nilikula, dada. Watu wa njiani walinipa."

Alishusha pumzi ndefu. Akaniambia basi nenda ukalale, akafunga mlango.

Buti nilizivua, lakini nilichechemea siku nne. Mama alisema ni buti za baba zilizonichubua. Mama Otieno alisema mengine, na mwanawe hakucheza nami hadi shule zilipofunguliwa. Ila baba hukumbuka kwamba tangu siku hiyo Kukhu aliacha kubakiza tonge moja kwenye sahani yake, tabia aliyokuwa nayo tangu baba azaliwe.

Kukhu alikufa miaka mingi baadaye, ameridhika.

Sasa naandika riwaya juu ya wale vijana waliopelekwa Burma, na Wafula yumo kwa jina lake. Nilidhani utafiti ni kukaa kwenye makaratasi ya zamani ukipiga chafya. Katika orodha za askari nilizoonyeshwa akina Wafula ni wengi mno, wetu sikumtambua. Kisha nikaelekezwa kwa mama mmoja wa Njiru ambaye baba yake alirudi kutoka vita hivyo. Akanisimulia aliyoyasema mzee: mvua ilikata njia, chakula hakikufika, watu walitafuna majani hadi wengine wakaanguka. Nikamuuliza kama watu wa njiani hawakuwapa chochote.

"Watu gani, mwanangu?" akasema. "Ulikuwa msitu mtupu."

Sijui ni nani aliyemjibu Kukhu siku ile. Kama ni mimi, nilimdanganya mwanamke aliyeubeba ugali ule miaka arobaini, na sijawahi kutunga uongo mzuri kuliko huo. Kama si mimi, basi aliyedanganya ni Wafula mwenyewe, na mdogo mtu anayempenda dada yake angesema nini kingine?

Sura hiyo nimeshaiandika: mvua, majani, msitu mtupu, yote kama mzee alivyosema. Lakini kila nikimfikia Wafula, mwanamke hutokea kati ya miti, akiwa na bakuli la wali, akachuchumaa, akamlisha. Mhariri wangu ameandika pembeni: huyu mwanamke ametoka wapi?

Mwanamke huyo simwondoi.