Nani Ananitolea Upepo wa Tairi?

Tairi nne za gari kuisha upepo kwa usiku mmoja, bila msumari, bila mwiba, bila hata mchubuko. Umewahi kuona?

Mimi nimeona. Tena si mara moja.

Naitwa Basili, mtu wa Mbulu, ila riziki ilinipeleka Hanang. Naendesha pikapu ya Mama Rogathe, mfanyabiashara wa Katesh. Kazi yangu ni kukusanya maharage na mahindi vijijini, Endasak na Hirbadaw, na kushusha kwenye stoo yake mjini.

Nilipanga chumba huko juu Endasak. Sikuwa na ndugu pale. Nikirudi jioni nasonga ugali wa mtu mmoja, nakula huku naangalia simu ambayo haiiti. Upweke ule asikwambie mtu. Unafika mahali unafurahia hata meseji za matangazo.

Sasa ile asubuhi ya kwanza natoka, nakuta pikapu imelala. Zote nne laini. Kwa fundi mbali, na kuendesha hivyo ni kuua tairi.

Jirani yangu wa karibu alikuwa Mzee Tito. Zamani aliendesha trekta kwenye mashamba ya ngano kule Basotu, na pampu yake ya mguu alikuwa bado nayo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Tairi zimelala?"

"Zimelala, babu. Naomba pampu."

"Pampu ipo. Kunywa uji kwanza, hiyo kazi haifanywi na tumbo tupu."

Tukanywa uji wa mtama. Halafu mimi nikapampu, yeye kakaa kwenye gogo ananipigia stori za trekta. Kipimo cha upepo hana. Anapiga tairi teke, anasema, "Inatosha hiyo. Nenda."

Ikawa ndiyo ratiba. Asubuhi tairi laini, naingia kwa Mzee Tito, uji, stori, pampu, teke, safari.

Balaa likaja kwenye mafuta. Mshale ulikuwa unashuka huku nauona kwa macho. Njia niliyokuwa naenda na kurudi bila wasiwasi, sasa nasali nisilale porini.

Mama Rogathe si mtu wa kupiga kelele. Aliniita stoo, akauliza taratibu, "Basili, unauza mafuta yangu?"

"Mama, haki ya Mungu siuzi."

"Basi yanaenda wapi? Yakiendelea kuisha hivi, ufunguo utauweka hapa mezani."

Nikatoka pale mbio. Nikaenda kwa fundi Hermani. Akazamisha tairi kwenye maji, hakuna povu. Akapima upepo wa zile nyingine, akatikisa kichwa.

"Hizi ulizijaza kwa mdomo? Tairi laini, na juu una magunia, gari linajikokota. Injini inavuta kwa shida, lazima inywe mafuta."

"Nazijaza kila siku, fundi. Asubuhi nakuta zimeisha."

"Hazina tundu. Kuna mtu anakutolea upepo."

Damu ikanichemka. Mawazo yote yakaenda kwa Patriki, dereva mwenzangu aliyekuwa anaimezea mate kazi yangu. Nikamfuata kijiweni, nikamporomoshea matusi mbele za watu.

Akanitazama tu. "Kaka, mimi nalala Katesh. Nitoke huku mpaka Endasak kukutolea upepo, mimi chizi?"

Nikarudi kwenye gari na aibu yangu.

Fundi alikuwa amezijaza sawasawa. Kesho yake nikaamka na wasiwasi, nikazipiga teke. Ngumu! Kwa Mzee Tito nikapita bila kusimama, pampu ya nini tena? Pikapu ilikuwa nyepesi, mshale ukagoma kushuka. Siku iliyofuata hivyo hivyo. Mama Rogathe akaninunulia soda.

Jioni narudi, ndipo nikaona kwa Mzee Tito hakuna moshi. Nikapiga hodi. Kimya. Nikasukuma mlango.

Alikuwa chini, pembeni ya kitanda, mguu umekaa vibaya, midomo imekauka.

"Babu! Umeanguka lini?"

"Jana alfajiri. Niliteleza nikitaka kutoka."

Nikamnywesha maji. Akanishika mkono. "Nilikuwa nakusubiri. Hukuja."

"Babu, tairi hazikuwa zimeisha upepo."

"Najua," akasema. "Sikuweza kufika kwenye gari."

Ilinichukua muda kuelewa. Nilitaka kukasirika. Kazi ilikuwa inaondoka, na Patriki nimemtukana bure. Hasira haikuja.

"Tangu mke wangu Perpetua afariki hakuna anayeingia hapa asubuhi," akasema bila kunitazama. "Wewe ulikuwa unanipungia mkono tu, unapita na gari. Nikaona gari lisipotoka, utasimama."

Nilimbeba, nikamlaza kiti cha mbele. Barabara ya kushuka ni mawe na makorongo, na kwa tairi zile ngumu kila jiwe lilikuwa linafika kwenye nyonga yake. Mzee mzima analia. Nikasimamisha gari, nikashuka, nikatoa upepo mwenyewe, tairi moja baada ya nyingine.

Akausikia ule mlio. "Usitoe sana," akasema. "Mafuta ya bosi wako."

Nilicheka huku machozi yananitoka.

Alilazwa Katesh, kisha binti yake Verediana akaja kumchukua kwenda Arusha. Anaendelea vizuri, ila nyumbani harudi tena. Kwenye simu hasikii, tunaishia kupigiana kelele za salamu.

Kazi ninayo. Patriki nilimwomba radhi, yakaisha. Mama Rogathe anawaambia watu hakuna dereva anayebana mafuta kama mimi.

Leo asubuhi nimezipiga teke zote nne, ngumu. Nikazunguka tena mara ya pili, natamani nikute hata moja imelala. Nikanywa uji nimesimama, peke yangu, nikaondoka.

Wewe unayesoma hii, kama kuna mzee anaishi peke yake hapo jirani, ingia umsalimie hata kama huna shida. Asilazimike kukuharibia gari ndiyo mnywe uji pamoja.