Ukungu wa Daudi na Sauti ya Binti Yangu

Ukungu wa Daudi, kijiji chetu cha mlimani, hula sauti za watoto wa bondeni. Hilo nilifundishwa na kaka yangu mkubwa tukiwa wadogo, tukichunga ndama kilimani nyuma ya nyumba, na nililiamini kuliko nilivyoamini kwamba mbili na mbili ni nne. Mtoto aliyezaliwa kule chini kwenye joto, alisema kaka, akipanda huku kwa mara ya kwanza msimu wa mvua, ukungu humwingia mdomoni akipiga miayo, ukabeba sauti, ukaenda zake. Alimjua mtoto wa mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe aliyepatwa na mkasa huo. Mwenyewe alirudi kwao bubu, sauti yake ikabaki huku ikizurura makorongoni. Wapita njia waliisikia ikiomba ugali.

"Ikapewa?" niliuliza.

"Sauti utaipaje ugali? Ina mikono?"

Jibu hilo likanimaliza. Mtu anayejua kwamba sauti haina mikono hawezi kuwa mwongo.

Miaka ikapita. Nikashuka bondeni, Balangdalalu, kutengeneza pikipiki, nikaoa huko huko, nikasoma masomo ya jioni mpaka kidato cha nne, huku mikono ikinuka oili hata karatasi za mtihani zikawa zinateleza. Kwenye jiografia waliniuliza ukungu ni nini. Nikajibu kwamba ni matone madogo sana ya maji yanayoelea karibu na ardhi, nikapata alama zangu zote. Lakini huo ulikuwa ukungu wa mtihani. Ukungu wa Daudi ni mwingine.

Basi mnielewe nilivyotetemeka mwaka ule baba yangu alipopiga simu na kusema Krismasi hii anamtaka mjukuu wake.

Binti yangu alikuwa na miaka mitano na hakuwahi kupanda Daudi. Na mtoto huyo anaongea. Anaongea akila, anaongea akiogeshwa, anaongea usingizini na kujijibu. Jirani yetu akimwona anakuja huzima redio, anasema betri za nini wakati taarifa ya habari inakuja kwa miguu. Kila Jumapili alikuwa anampigia babu yake simu, anamsimulia mambo ya mbuzi, ya shule ya awali, ya mimi kuanguka na pikipiki ya mteja. Baba alisubiri simu hiyo kuliko chakula, kwa sababu macho yake yamefifia. Anaona mwanga na vivuli, basi. Watu anawajua kwa sauti.

"Nileteeni hiyo redio yangu," alisema. "Niisikie bila simu, kabla masikio nayo hayajaniaga."

Mke wangu alikuwa na dada yake aliyejifungua, hivyo tukakubaliana nitangulie na binti, yeye atufuate siku ya sikukuu yenyewe. Asubuhi ya safari alimfunga mtoto vifungo vya sweta hadi kidevuni, akainama, akamwambia taratibu, "Unakwenda kwa babu yako. Chunga mdomo wako."

Nikacheka. Kuchunga mdomo ule ni sawa na kuchunga nyuki kwa fimbo. Ila mke wangu kwa maneno hayo huwa hatanii. Yeye ni wa wafugaji wa bondeni, na kwao mwanamke aliyeolewa hataji jina la baba mkwe, wala neno linalokaribiana nalo. Jina la baba yangu linakaribiana na jina la chumvi kwa lugha yao, kwa hiyo nyumbani kwetu chumvi huitwa "ile ya kukolezea", hata tukiongea Kiswahili, maana mke wangu hapendi kujaribu bahati. Nimezoea hata siisikii tena. Binti akitumwa dukani anaomba ile ya kukolezea, na mwenye duka anampa bila kuuliza.

Njiani mtoto aliongea mpaka kondakta akatuomba tukae nyuma. Tulipoanza kupanda, baridi ikaingia, na ukungu ukatushukia kama mtu aliyemwaga gunia la pamba juu ya barabara. Nikamvuta binti karibu. Nikataka kumziba mdomo, lakini watu wangenionaje?

"Baba, hapa ni kwa babu?" akauliza.

"Hapa?" Nikajitutumua, nisionekane nina hofu. "Kuanzia hapa mpaka jicho linapoishia, kote ni kwa babu yako!" Baba yangu ana shamba la mahindi na maharage ambalo ukirusha jiwe kwa nguvu linaangukia kwa jirani, lakini mtoto si lazima ajue yote siku moja.

Binti akatazama ule weupe usio na mwisho. Akafunga mdomo. Hakuufungua tena.

Tulipofika, mama yangu alitoka jikoni na mikono yenye unga, akamkumbatia mpaka sweta likawa jeupe. Mtoto akatabasamu, kimya. Nikampeleka kwa baba, aliyekuwa amekaa mlangoni na blanketi mabegani. Mtoto akainamisha kichwa chake vizuri, kama alivyofundishwa, baba akamwekea kiganja utosini na kusubiri ile shikamoo aliyoizoea.

Haikuja.

"Amechoka na safari," nikasema haraka.

"Redio huchoka?" baba akauliza, akicheka. Mkono wake ukabaki pale juu ya kichwa muda mrefu.

Nilijua. Moyo wangu ulianguka mpaka kwenye viatu, ukatoboa soli.

Nyumba ilikuwa imejaa. Watoto wa kaka yangu na wa dada zangu walikuwa wengi kiasi kwamba mama alikuwa akipiga kelele jina moja, wanakuja kumi. Walimenya vitunguu saumu, wakachoma vidole kwa mafuta ya maandazi, wakapuliza mabaluni hadi yakapasuka na kumtisha kondoo aliyenunuliwa kwa ajili ya sikukuu. Walifanya mazoezi ya nyimbo za kanisani juu ya rundo la magunia. Binti yangu alikuwa katikati ya yote hayo. Alikimbia, alikula, alicheka kwa mabega. Wenzake walipoimba, alipiga makofi. Lakini sauti, hakuna. Alipotaka maji alinyoosha kikombe.

Mama alimfungua mdomo akamulika na tochi ya simu. "Koo zuri kabisa. Hata la kwako halikuwa hivi." Akampa asali. Akampa maziwa ya moto. Mtoto akanywa vyote na kunyoosha kikombe tena.

Mke wangu akipiga simu nilitoka nje nisimame kwenye migomba.

"Mtoto hajambo?"

"Hajambo sana."

"Nipe niongee naye."

"Amelala."

"Saa hizi? Jua halijazama!"

"Huku baridi, mke wangu. Huku hata kuku wanalala mchana."

Nikaona bora mtandao ukatike, nikaukata mwenyewe.

Kaka yangu alipofika kutoka Tumati, anakolima siku hizi, sikumwacha hata ashushe gunia lake la viazi. Nikamvuta pembeni. "Kaka, ule ukungu. Umemchukua binti yangu."

"Ukungu gani?"

"Ule unaokula sauti. Ulivyonieleza kilimani."

Akanitazama. Akamtazama mtoto, aliyekuwa anamlisha kondoo ganda la ndizi bila kutoa neno. Kisha akageuka ukutani, mabega yakamtikisika. Nikadhani analia, nikazidi kuogopa.

"Dawa yake," akasema akiwa bado amegeuka, "mzazi hupanda kilimani asubuhi na mapema, kabla jua halijaufukuza. Anaiita. Kwa nguvu."

Asubuhi nilipanda. Ukungu ulikuwa mzito hata sikuona miguu yangu. Nilijua ninayo kwa sababu ilikuwa inaganda. Nikakusanya mikono mdomoni nikaita, "Rudi! Rudi, mama, nyumbani wanakusubiri!" Ng'ombe wakajibu. Mzee jirani akatokea na ng'ombe wake, fimbo begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Amepotea nani?"

"Sauti."

"Ya nani?"

"Ya binti yangu."

Akafikiri kwa heshima kubwa. "Ikiingia zizini kwangu nitaileta," akasema, akaendelea na safari.

Nilirudi nimelowa, nikachungulia kitandani. Binti alikuwa macho. Nikamwambia, "Habari za asubuhi?" Akanikumbatia shingoni kwa nguvu, midomo ameiminya kama mtu aliyebeba maji mdomoni. Nikaona machozi yanamlengalenga. Hapo utani wote ukaniisha. Mtoto naye alikuwa anateseka, na mimi baba yake, fundi wa kila injini iliyokataa kuwaka, sikujua pa kushika.

Lakini jioni ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Baba ana mchezo wake na wajukuu kabla ya chakula. Wanapanga mstari, kila mmoja anaweka kichwa chini ya kiganja chake na kusema shikamoo babu, naye anabahatisha ni nani. Akipatia, mtoto anapewa pipi. Akikosea, pipi mbili. Kwa hiyo wajukuu wanabana pua, wanakoroma, wanaigiza sauti za mapadri, na babu anajikosesha makusudi. Binti yangu alipanga mstari kila jioni. Hakukosa. Na kila jioni zamu yake ilipofika, kicheko chote cha sebule kilizimika.

Kiganja juu ya kichwa. Kimya.

"Huyu ni wa Balangdalalu," baba alisema jioni ya mkesha. "Namjua kwa kutosema." Akampa pipi yake. Halafu akageuza uso upande niliokuwa nimesimama, ingawa sikuwa nimekohoa. "Mwaka mzima nilikuwa na sauti bila mtoto. Sasa nimeletewa mtoto bila sauti. Mwanangu, nimemkosea nini?"

"Hujamkosea, baba."

"Basi hanipendi. Kwenye simu alidhani ni mtu mwingine, kaja kaona mzee."

Mama akaanza kugawa sahani kwa kelele nyingi kuliko ilivyohitajika. Binti alikuwa amesikia. Alisimama na pipi mkononi bila kuifungua.

Siku ya Krismasi tulirudi kutoka kanisani, pilau likawa linapikwa uani, ukungu bado umekaa juu ya mahindi. Nilikuwa nimesimama barabarani tangu ibada ilipoisha, nikipanga nitakavyomwambia mke wangu. Nilipanga maneno mengi. Pikipiki ikaja, yeye nyuma yake na kitenge kichwani, na kabla sijasema hata moja binti akanipita mbio, akamrukia shingoni, akamwekea mdomo sikioni.

Akanong'ona.

Nilisikia! Sikusikia maneno, lakini nilisikia kule kukwaruza kwa sauti iliyokaa bila kazi. Alinong'ona kwa muda mrefu, akimeza mate, akinyoosha kidole kwenye nyumba, kwenye kilima, kwenye ukungu wote. Mke wangu alisikiliza akiwa amechutama kwenye matope na gauni lake la sikukuu.

"Ulimwambia kwamba kote huku ni kwa babu yake?" akaniuliza.

"Nilitania tu."

Akamshika mtoto mkono, wakaingia ndani, nami nyuma yao. Mbele ya baba akainama, akatazama chini kama anavyofanya siku zote.

"Shikamoo, baba. Mjukuu wako ameona mimi nikilichunga jina lako. Nilipomwambia achunge mdomo, akafikiri na yeye haruhusiwi kulitaja, na nyumbani kwako ndiyo kabisa, tena akaambiwa kote huku ni kwako. Ila jina lenyewe halijui, kwa sababu hajawahi kulisikia kwangu. Akasema, kama silijui, nitajuaje neno gani linafanana nalo? Akaona anyamaze yote."

Kaka yangu, aliyekuwa ameshika bakuli la kachumbari, aliliweka chini.

Baba alicheka kwanza bila sauti, halafu akafuta macho yake yasiyoona kwa pembe ya blanketi. "Njoo hapa," akasema. Mtoto akaweka kichwa mahali pake. Baba akainama, akamnong'oneza jina lake sikioni. "Umelipata? Hilo katazo ni la wakwe. Wewe ni damu yangu. Litaje hata ukiwa unatafuna."

Binti akamtazama mama yake. Mama yake akatikisa kichwa kukubali, huku ameziba masikio kwa kitenge ili yeye asihusike.

Mtoto akalitaja. Mara moja kwa woga, mara ya pili kwa nguvu, mara ya tatu wajukuu wote wakampokea kwa vifijo. Kisha, kwa pumzi moja, akaanza: kondoo amekula baluni, bibi ana tochi ndani ya simu, na Babu, mimi nakupenda, yule aliyesema sikupendi ni wewe mwenyewe. Baba akabaki ameinua uso kama mtu anayeota moto. Pilau liliungua kidogo chini, na hakuna aliyelalamika.

Baadaye nikamvuta mke wangu mlangoni, nikamwonyesha shamba. Ukungu ulikuwa umeinuka, mahindi yanaonekana mpaka kwa jirani.

"Umeona?" nikamwambia kwa sauti ya chini. "Ukungu umeondoka dakika ile ile aliyofungua mdomo. Umemrudishia sauti yake."

Mke wangu aliutazama uso wangu kuona kama ninatania. Alipoona sitanii, akanishika kiwiko kama anavyomshika mtoto.

"Baba watoto," akasema, "ukungu ni maji tu. Mtoto alinyamaza kwa heshima."