Sato wa Mji Mpya

Juzi nilisoma mtandaoni majirani wakitukanana kwa sababu nchi moja imeitambua nyingine iliyojitenga, nikakumbuka harufu ya sato wa mama kule Kiriba. Baba alikuwa amegombana na babu, akajenga mji wake, yaani boma lake mwenyewe. Kwetu, mji mpya haukuhesabika mpaka baba wa mwenye mji ale hapo.

Mchana mama alipompikia sato, babu alikuja, akasimama nje ya uzio.

“Mzee, redio imesema hata Khartoum wameitambua Sudan Kusini,” baba alisema. “Ingia ule.”

“Basi hamia huko Khartoum. Hapa naona banda la kuku.”

Nilikuwa mtoto, nikadhani babu anakataa kwa kuwa ameshiba. Leo najua tonge moja tu lingempa baba mji, na bado nauliza babu naye mji wake alipewa na nani.

Baba aliketi mlangoni, akamla sato yule mpaka kichwa, bila kumkaribisha tena.