Njo Yangu

Symphorien wa Lubuye alikuwa mshambuliaji wa kulipwa kwa zaidi ya miaka kumi, na katika miaka yote hiyo hakuna timu iliyowahi kumwambia abaki. Si kwamba alikuwa mbovu. Alikuwa mrefu, mzuri wa vichwa, na mabao yake yalitosha kumpatia timu mpya kila mwaka. Kumbakisha ndiko yalikoshindwa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye alikabidhiwa jembe siku ileile aliyoshuka, na msimu ukiisha akanyang'anywa.

Alianzia nyumbani Kalemie, akaenda Lubumbashi akasugua benchi, akaenda Kindu na kwingineko, kisha akavuka hadi Bujumbura. Kila mahali, msimu ulipoisha, rais wa timu alimpa mkono na kumwambia, "Tutakuita." Simu haikulia. Basi alirudi kwa mkewe Francine, muuza dagaa, akakaa wiki chache kama mgeni ndani ya nyumba yake mwenyewe, akiuliza sukari inawekwa wapi, halafu akafunga begi tena. Wanawe walimzoea kama watu wanavyoizoea sikukuu.

Alipofika Kigoma alikuwa na miaka thelathini na mitatu na goti moja la kuombewa dua. Huko mambo yakaelekea kunyooka. Alifunga bao la kwanza, akafunga na mengine, na kabla ya mechi ya mwisho kocha akamwambia waziwazi: tukishinda timu haishuki daraja, na wewe unabaki nasi, mlete mama watoto. Symphorien hakungoja mechi ichezwe. Alimpigia Francine siku hiyohiyo.

"Funga vitu," akamwambia. "Tunahama."

Kiswahili cha Kigoma alikuwa amekishika barabara, na alijivunia. Sokoni walimdhania mtu wa Ujiji, naye hakuona sababu ya kuwasahihisha.

Katika mechi hiyo alifunga kwa kichwa mapema kabisa, uwanja ukaimba jina lake. Dakika za mwisho wapinzani wakapata kona. Kwa urefu wake, alirudi kulinda lango. Mpira ukaja juu, mzuri, wa kwake kabisa, na kwa furaha na hofu alizokuwa nazo akapaza sauti kwa Kiswahili cha mama yake:

"Njo yangu!"

Kalemie maneno hayo hayana utata. Maana yake ni huu ndio mpira wangu, niachieni. Lakini kipa alikuwa Mha wa Kasulu ambaye hajawahi kuvuka ziwa kwenda Kalemie, na alichosikia ni mtu anamwita: njoo! Alikuwa ameshaamua kubaki langoni. Akatii wito, akatoka mbio. Waligongana, wakaanguka wote wawili, na mpira ukamwangukia mfupi mmoja wa upande wa pili, akausukuma wavuni kwa goti. Sare. Timu ikashuka.

"Umetoka kufanya nini?" kocha alimuuliza kipa kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

"Si ameniita!"

"Sijakuita," alisema Symphorien.

"Umeniita, tena kwa kelele!"

Walibishana mpaka mchezaji mmoja aliyewahi kufanya biashara Kalemie akawaeleza, na chumba kizima kikaangua kicheko, kipa akiwa wa kwanza. Ulimi hauna mfupa. Kocha peke yake hakucheka. Alimpa Symphorien mkono. "Tutakuita," akasema.

Alivuka ziwa akarudi Kalemie. Nyumbani alikuta godoro limefungwa kamba mlangoni, sufuria zimo guniani, na kitanda kimeshapewa Hélène, dada yake Francine. Ilibidi aeleze yote akiwa amesimama, maana hata viti vilikuwa vimefungwa.

Francine alisikiliza mpaka mwisho.

"Na ile mupira ilikuwa ya nani?" akauliza.

"Ilikuwa yangu."

"Basi haukusema uongo."

Hapo simu ikalia. Alikuwa mtu wa timu moja ya Moba: wamesikia amerudi, wanatafuta mshambuliaji, boti inaondoka kesho. Symphorien alimsikiliza huku mkono mwingine ukitafuta begi, kwa mazoea tu.

Francine aliona ule mkono.

"Papa Exaucé," alimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "hapa hakuna kocha, hakuna rais. Mimi njo nakuambia: bakia."

Neno hilo alikuwa amelingoja katika nchi tatu. Alikalia godoro lililofungwa akalia, mtu mzima, bila kujificha, na Francine akamwacha alie. Kisha Symphorien akakumbuka kwamba mtu wa Moba bado yuko kwenye simu.

"Aksanti, Papa," akamwambia. "Mimi nimebakia."